Mzee Magoti na Chaneli Iliyopotea

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimetenda dhambi. Ndogo. Ukubwa wake ni wa kidole gumba, maana ndicho kilichobonyeza rimoti.

Nieleze vizuri, labda moyo utapumua. Televisheni yetu ni moja. Saa mbili ya usiku nayo ni moja. Saa mbili mke wangu anataka tamthilia yake, ile ya binti anayeolewa na kuachika kila wiki. Mimi nataka wavuvi. Si wa nyavu! Wa nzi. Kuna mzee wa nchi za baridi, anasimama katikati ya mto, maji mapajani, mkononi ufito mwembamba unaopinda kama mjeledi. Kwenye ndoano amefunga nzi wa uongo, wa manyoya na uzi. Anarusha. Nzi anatua juu ya maji utadhani ana roho. Samaki anadanganyika. Basi, programu nzima ndiyo hiyo. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Niliigundua wiki iliyopita mke wangu alipokwenda kumtazama mama yake. Tangu hapo, hata kazini, stoo kwenye duka la rangi, mteja akitaka bluu mimi naona mto.

Basi leo, yeye akiwa jikoni, nikaifunga chaneli ya tamthilia kwa namba ya siri. Alipokuja nikajishika kichwa. Nikalalamika kwamba wenye king'amuzi wameiondoa! Bila taarifa! Watu gani hawa! Akaniangalia kidogo. Akasema haya. Akakaa kwenye cherehani yake na kola za sare za shule.

Niandike na hili, ili nisijifanye sikujua. Mara ya mwisho niliposema uongo humu ndani, aliapa kwamba nikirudia atahamishia jioni zake zote kwa dada yake, nyumba ya pili. Alisema nitabaki naongea na kabati.

Lakini atajuaje?

Jumanne, 4 Juni

Hajajua!

Leo kashona hapo hapo sebuleni. Krrr, krrr, krrr. Nikamwomba apunguze, simsikii mzee. Akauliza kwani huyo mzee anasema nini cha maana. Kweli, hasemi kitu. Akauliza mbona asikae nchi kavu kama watu. Nikamweleza. Akauliza kama ana mke. Nikasema sijui, hawajaonyesha. Akasema hana, maskini, maana hakuna mwanamke mwenye akili angemwacha mtu mzima aloweke magoti yale kwenye maji ya barafu. Tangu sasa mvuvi wangu anaitwa Mzee Magoti.

Halafu samaki akauma. Ufito ukapinda. Nikasikia kitu cha ajabu: kimya. Kugeuka, mke wangu kaganda, mguu uko juu ya pedali, kola imeishia njiani.

Mzee Magoti akamvuta, akamshika kwa mikono miwili, samaki mwenye madoa, mzuri kama kitambaa. Akamwangalia. Akamrudisha majini.

Lo! Mke wangu alisimama. Yaani kamsumbua kiumbe wa watu nusu saa halafu anamrudisha? Hana njaa? Hana majirani? Nikamweleza kwamba raha yao ni kushika tu, wakishashika wanaachia.

Akakaa. Akafikiri. Akasema afadhali huyo. Yeye mwenzake alishikwa, akatiwa kwenye ndoo, na huu ni mwaka wa ishirini na sita.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Naye akacheka, kile kicheko chake cha kuziba mdomo na kitambaa. Sijakisikia tangu kitinda mimba wetu aondoke nyumbani. Mazungumzo yetu ya usiku yamekuwa haya: umefunga mlango? Nimefunga.

Alhamisi, 6 Juni

Dhambi imeanza kuwa tamu. Hapo ndipo penye hatari.

Jana kasogeza cherehani karibu na kiti changu, anadai taa ya upande ule inamuumiza macho. Leo kanipa kazi ya kushika ncha ya kitambaa. Nimeshika. Hata mkono ulipokufa ganzi sikuachia.

Shemeji, yaani huyo dada yake mkubwa, alipita dirishani akauliza tunaangalia nini kimya kimya hivyo. Mke wangu akamjibu bila kugeuka kwamba kuna mzee anavua. Shemeji akaruka: anavua nini, na nyie watu wazima! Akaambiwa samaki, dada, anavua samaki. Akaondoka akinung'unika kwamba akili zetu zinahitaji maombi.

Wakati Mzee Magoti anatafuta nzi kwenye kofia yake, mke wangu akaniuliza kama nami niliwahi kuvua. Nikasema sijui hata kuogelea. Nikamsimulia nilivyoteleza kisimani utotoni, nikavutwa kwa ukosi wa shati, na kwamba mpaka leo nikiosha uso nafumba macho haraka. Akashangaa. Kumbe ndiyo maana! Miaka yote alidhani nasinzia. Akaniwekea kiganja kichwani, kidogo tu, kama mtu anayepima homa.

Nikataka kukiri pale pale. Nikafungua mdomo. Samaki akauma. Nikaufunga.

Jumamosi, 8 Juni

Siku mbaya. Niiandike kwa utaratibu.

Kiburi ndicho kilichoniponza. Nilitaka kumwonyesha mke wangu kwamba hata mimi nina mkono. Nikachukua bomba jembamba la pazia, uzi wake mnene wa kushonea jinzi, na pini niliyoikunja. Nzi nilimtengeneza kwa unyoya wa mto. Shabaha ilikuwa ndoo ya maji katikati ya ua. Nikarusha. Kamba ya nguo. Nikarusha. Sikio langu. Asubuhi yote nimevua soksi mbili na sidiria, na sidiria si ya kwetu.

Nikajiambia mara moja tu, ya mwisho. Nikavuta mkono nyuma vizuri, kama Mzee Magoti. Uzi ukakaza. Nikajua nimepata! Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kitu cheusi kikapaa juu ya kichwa changu, kikatua ndani ya ndoo, katikati kabisa. Shabaha niliyokuwa naikosa tangu chai.

Lilikuwa wigi la shemeji. Shemeji mwenyewe alikuwa nyuma yangu, kichwa wazi, ana mabutu manne.

Akaniuliza kama nimemwona yeye kambale. Nikasema hapana, shemeji. Akauliza basi ni perege? Nikaona hilo halina jibu zuri. Akaingia ndani na wigi linachuruzika kumshtaki mdogo wake: mumeo kaharibika, anarusha mabomba uani, na wewe umekaa unamwangalia! Halafu, kwenye pumzi ile ile, akasema na jana yule binti kaolewa tena, harusi kubwa, wewe hata huji kuona!

Mimi nilikuwa nimewafuata mpaka mlangoni, ndoo mkononi. Mke wangu akasema, pole pole, kwamba kwetu chaneli imeondolewa. Shemeji akasema imeondolewa wapi, mbona kwake ipo, king'amuzi hiki hiki, kifurushi hiki hiki?

Akanigeukia. Nikaangalia ndoo.

Mke wangu akakata uzi kwa meno. Akasema ving'amuzi havifanani, dada, kama waume.

Shemeji akatoa hukumu: kuanzia Jumatatu mdogo wake atakwenda kwake kila jioni, aangalie tamthilia kwa raha, mbali na vichaa. Mke wangu akasema haya. Dada mkubwa hakataliwi. Ndiye aliyemlea.

Jumapili, 9 Juni

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimeyaoga.

Nilimkuta anakunja sare, nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, sakafu ina sindano. Nikakiri nimeinama nusu. Nilisema yote: kidole gumba, namba ya siri, kujishika kichwa. Nikasema ana haki ya kuhama jioni zote, na mimi nitaongea na kabati, ninastahili.

Akaendelea kukunja. Akasema alijua tangu Jumanne.

Jumanne!

Mimi nilipokwenda kazini aliwasha televisheni, ikamwambia aweke namba ya siri. Akaweka mwaka tuliooana. Ikafunguka. Akaangalia marudio ya asubuhi, halafu akaifunga tena kama nilivyoiacha. Kafanya hivyo kila siku. Hajakosa hata kipindi kimoja. Nikamuuliza aliijuaje namba. Akasema kichwa changu anakifahamu, hakina nafasi ya namba mbili.

Sasa kwa nini alinyamaza? Akalainisha kola moja kwa kiganja, akailainisha tena. Akasema wiki hii nimeongea kuliko mwaka mzima. Aliogopa akiifungua chaneli, mdomo wangu utafungwa.

Nikamsaidia kukunja. Nilikunja vibaya, akazikunjua zote baada yangu, lakini hakunifukuza.

Nimeahidi mbele yake: uongo basi. Nimeifuta ile namba ya siri. Mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 10 Juni

Mtu mpya kakaa peke yake. Mke wangu kaenda kwa dada yake saa moja na nusu, kiguu na njia, hataki kuchelewa akasemwa. Mlangoni kageuka akaniagiza nimwangalizie Mzee Magoti, nije nimwambie kama kapata.

Kapata. Samaki mkubwa kuliko wote! Nikageuka niseme naye. Cherehani imefunikwa shuka. Hakuna pedali ya kunyamaza. Kumbe mto bila ile krrr ni maji tu.

Nilizima kabla ya mwisho. Aliporudi kaniuliza, nikamsimulia. Kasema simulizi yangu ina haraka. Kasema na kule kwa dada hapati nafasi hata ya kupiga chafya, dada anaongea kuliko televisheni, na kipindi chenyewe angekiona tu kesho asubuhi. Nikamwambia basi asiende. Akaniuliza, atamwambia nini dada aliyemlea?

Kweli. Yeye hawezi kumwambia kitu.

Yeye.

Jumanne, 11 Juni

Huu si uongo. Nimeupima pande zote. Uongo ni maneno, na mimi leo sikusema neno lolote la uongo.

Nilipotoka kazini nilipitia kwa shemeji kumwomba radhi kuhusu wigi. Nilimpelekea shampuu. Alilainika, akaenda jikoni kunichemshia chai. Rimoti ilikuwa pale pale kwenye mkono wa kochi. Nia yangu ilikuwa kuifuta chaneli moja tu. Moja! Ila rimoti yake imefutika maandishi, na chai ilikuwa inakaribia. Kikatokea kiswali: una uhakika? Nikabonyeza ndiyo, maana nilikuwa na uhakika. Kikauliza tena: zote?

Kidole gumba kilikuwa kimeshabonyeza.

Nilikunywa chai yote, mpaka majani ya chini. Nikashukuru. Nikaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye dhamiri safi.

Jumatano, 12 Juni

Jana mke wangu alirudi mapema, kwa dada hakuna picha, na leo hakwenda kabisa. Mpango umefanikiwa!

Dada yake kaja kwetu.

Kaja saa moja unusu na mto wake wa mgongoni, kanga ya kujifunika miguu, na habari kwamba televisheni yake ni tupu tangu jana jioni, hakuna chaneli hata ya taarifa ya habari, na fundi kasema atafika akipata nafasi. Akanitazama kwa muda. Nikamuuliza hali ya nywele. Kaketi kwenye kiti changu. Rimoti kaiweka chini ya paja. Binti wa tamthilia kaachika tena, na shemeji anamjibu kila neno, anamwonya, anamlilia. Mzee Magoti yuko mtoni kwake bila sisi.

Mimi nimepewa kigoda, huku pembeni, kati ya cherehani na ukuta. Mke wangu alikuwa anashona. Katikati ya kilio cha shemeji krrr ikanyamaza, na hakukuwa na samaki yeyote. Nikaangalia chini. Mguu wake umetoka kwenye pedali, umekaa juu ya mguu wangu. Akaniinamia kama anaokota sindano, akanong'ona: ni wewe. Nikanong'ona: ni mimi. Akaziba mdomo na kola ya mtoto wa watu, mabega yakamtetemeka. Shemeji akamwambia alie tu, hata yeye huyo binti anamuumiza.

Baadaye nikamwapia, kwa kila kitu nilicho nacho, kwamba hii ndiyo ya mwisho. Kesho asubuhi nitakwenda kwa shemeji, nitamweleza ukweli wote, nitamrudishia chaneli zake moja moja.

Nitakwenda keshokutwa. Kesho ninataka kwanza kuangalia jambo moja kwenye boksi la umeme. Nimekumbuka kwamba sebule ina fyuzi yake peke yake.