Pua Yangu na Watu wa Chuo Kikuu

Jumatatu, 12 Mei 2025

Alhamdulillahi kwa kila hali, lakini pua imekufa. Tangu yale mafua, sisikii harufu yoyote. Na mimi ndiye mpika udi! Mwanakuu, mkubwa wetu akina mama wa mtaa, anamwoza bintiye wiki ijayo, ataka udi wangu. Akijua, kazi itakwenda kwa Ummukulthum, ambaye udi wake wanuka sukari iliyoungua. Ulikuwa ukinuka, siku zangu za kusikia.

Kimya, Maisara, usimwambie mtu.

Jumanne, 13 Mei

Balaa! Watu wa chuo kikuu wameingia mtaani, wanatafiti ubongo. Msichana wao, Truphosa, asema pua ikizima huenda ikawa dalili ya mapema ya maradhi ya ubongo. Watatufunga macho, watunusishe vichupa. Mwanakuu kaamuru twende sote kesho, barazani kwake. Kukataa ni kukiri.

Bahati nzuri, jirani yangu Kache kapimwa leo. Nikampelekea mahamri, akanitajia vichupa kwa mpangilio: karafuu, ndimu, waridi, kahawa. Si uongo huu. Ni kujisitiri, na sitara imehimizwa.

Jumatano, 14 Mei

Karafuu, sawa. Ndimu, sawa. Cha tatu nikavuta pumzi, nikasema mashallah, hili waridi la Taifu, limechumwa kabla ya jua.

Truphosa akasema kwa upole, Mama, hayo ni maji ya mfereji. Kumbe kila mtu huwekewa maji mahali tofauti, kuwanasa wanaobahatisha! Ummukulthum akacheka hadi akapaliwa. Akauliza, je, bibi harusi atafukizwa udi wa mfereji? Nikatamani kitambaa kisifunguliwe machoni.

Alhamisi, 15 Mei

Mwanakuu kaja. Nimelia. Akaniambia, dada, udi hupikwa kwa kichwa. Pua utaazima ya binti yako Nasiha. Lakini kwanza Truphosa anipime kumbukumbu, ijulikane vipimo vya udi sitavisahau. Nikifaulu, kazi ni yangu. Truphosa naye asema huenda ni mafua tu, niende kwa daktari wa pua.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeswali, nimetubu. Hila basi!

Mara Kache huyo mlangoni. Kumbe kipimo cha kumbukumbu kakifanya jana! Unasomewa maneno matano, unayarudia baadaye. Mahamri tena. Nimeyahifadhi kama Alhamdu, Truphosa hanipati: ngamia, ufunguo, sufuria, dirisha, na...

Na...

Subhanallah. Nasiha! Kimbia kwa Kache ukamwulize la tano. Mchukulie na sambusa.