Mila Namba Arobaini

Umma ulitangaziwa, kwa waraka wenye mihuri mitatu na saini moja isiyosomeka, kwamba kuanzia siku ile makabila yote yangekuwa na mila. Zamani, waraka ulieleza, makabila yalikuwa yakiishi na mila kiholela: mtu anazaliwa, anaoa, anazikwa, bila kibali chochote na bila nakala kubaki ofisini. Hali hiyo isingevumiliwa tena. Kila kabila lingesajili mila moja katika fomu moja, na Idara ya Uratibu wa Mila ingeihifadhi katika kabati la chuma, lenye kufuli, lisiloingia panya.

Aliyeuandika waraka huo ni Kaimu. Jina alikuwa nalo, lakini alikaimu ukurugenzi wa Idara kwa miaka kumi na mmoja mpaka jina likachoka kusubiri. Ofisini walimwita Kaimu, muuza magazeti alimwita Kaimu, na wakwe zake walimhesabu kama kaimu mkwe, watu wasije wakajifunga mapema. Naye hakukasirika. Alichotaka duniani ni kitu kimoja tu: barua ya kumthibitisha kuwa Mkurugenzi kamili, aitie kwenye fremu, aitundike mahali ambapo wakwe wataiona wakiwa wanakunywa chai.

Kanuni za Idara zilikuwa kumi na mbili, nyingi zikiwa kazi ya mikono yake. Kanuni ya Nne ilikataza makabila mawili kusajili mila inayofanana, kwa kuwa ingeleta mkanganyiko kabatini. Watu wa bondeni na watu wa ng'ambo ya mto, walioana na kuzikana tangu mto haujawa na daraja, wote walileta fomu zinazosema kwao msiba ni siku saba. Kaimu aliliona tatizo mara moja na akalitatua kabla ya chai: wa bondeni wakapewa siku nane, wa ng'ambo wakapewa sita. Wastani ukabaki saba. Alijipongeza kwa biskuti ya pili.

Kanuni ya Tisa ilitoka kwa Waziri mwenyewe. Alikwenda mahali ambapo mila, kwa mujibu wa fomu, ni kumpa mgeni mkubwa mbuzi wawili. Akapewa mmoja na maelezo. Waziri hakuwa mtu wa maelezo. "Mkono mtupu haulambwi," alisema ndani ya gari, na keshoye ikatoka kanuni: mila iliyosajiliwa itafuatwa neno kwa neno, na mwenyeji na mgeni, bila kujali cheo, udhuru wala hali ya hewa.

Kanuni ya Kumi na Moja Kaimu aliiandika siku moja ya mvua, akiwa hana kazi nyingine, ili hotuba zisigongane: hafla moja ya mila isipofungwa rasmi, Waziri hawezi kuhutubia hafla nyingine yoyote. Ya Kumi na Mbili ilisema mila ikishasajiliwa haifutwi ila kwa saini za makabila yote. Hizi mbili karibu hakuna aliyezisoma. Kaimu mwenyewe alizisahau.

Sasa makabila thelathini na tisa yalikuwa tayari kabatini. Kisanduku cha arobaini kilikuwa kitupu, na Kaimu alikuwa akikipita kama mtu anavyoipita nyumba ya mchumba wake wa zamani. Kabila la arobaini lilikuwa la kwao.

Mama yake alikuwa mtu wa bondeni, baba yake mtu wa vilimani, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa nyumba za serikali, mlango wa nne. Lugha ya baba yake aliijua kwa kusalimia na kuaga, yaliyo katikati hakuyajua. Aliweza kukwambia watu wa namba thelathini na moja humpaje mtoto jina, na watu wa kumi na tisa humwombaje mkwe radhi, lakini ukimuuliza kwao wanafanya nini, anakumbuka ana kikao. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na wenyewe hawakuwahi hata kufanya kazi ofisini.

Ndipo ikaja barua ya Waziri. "Haiwezekani," ilisema, "Idara ya Mila ikapewa Mkurugenzi asiye na mila. Jaza cha arobaini kabla ya Ijumaa, nami nitasaini vyote viwili, fomu na uthibitisho wako. Hafla ya kufunga rejista ifanyike huko huko kwa hao wa mwisho. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Kaimu alimwonyesha Bi Mihuri, karani aliyetunza mihuri ya Idara na kulala na funguo zake.

"Sasa unaanzia wapi, mkuu?" aliuliza Bi Mihuri.

"Nina shangazi kule."

"Yu hai?"

Kaimu alifikiri muda mrefu kuliko inavyopendeza. "Nadhani," alisema.

Jumanne akatia guu vilimani. Ulikuwa mwendo wa saa mbili tu, na alikuwa hajaufanya kwa miaka sita. Shangazi alikuwa hai, tena sana. Alimkuta uani akipepeta maharage, na hakusimama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja au umetumwa?"

"Nimekuja, shangazi."

"Na hiyo bahasha?"

Kaimu aliitazama bahasha kama kwamba imemfuata yenyewe. "Na nimetumwa pia."

Shangazi aliinuka, akaingia jikoni, akabandika sufuria, akarudi. Kaimu akamwambia asijisumbue, ana haraka, gari la ofisi linatakiwa saa tisa. Shangazi akaendelea kupepeta. Kaimu akatoa fomu na kalamu na kueleza madhumuni ya zoezi, kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa wale thelathini na tisa.

"Mila zetu ni nyingi, mwanangu," alisema shangazi. "Kuna za kuzaa, kuna za kuzika. Kuna za kugombana na kuna za kupatana. Hizo za kupatana peke yake tungekaa mpaka kesho."

"Nafasi ni ya mila moja, shangazi. Kisanduku ni hiki hapa."

Shangazi alikipima kisanduku kwa kidole gumba. Kidole kilizidi.

"Baba yako na babu zako wote waingie humu?"

"Kwa muhtasari."

Jikoni sufuria ilianza kuchemka. "Huyo mkubwa wenu," aliuliza shangazi, "naye atakuja?"

"Akishasaini, atakuja."

"Na mtakachoandika humu, atakifuata?"

"Neno kwa neno, shangazi. Ni Kanuni ya Tisa."

"Ahaa," alisema shangazi, na kwa mara ya kwanza siku ile akaketi vizuri. "Basi andika. Kwetu, mkubwa akija, huketi mkekani na hafungui mdomo mpaka kila aliyefika amesema lililo moyoni mwake. Wa mwisho kusema ni mwanamke aliye mkubwa kuliko wote. Akimaliza huyo, mkubwa naye anaruhusiwa."

Kaimu aliandika, kisha kalamu ikasita. Alimkumbuka baba yake katika ua ule ule, akisema tangu chai ya asubuhi mpaka watu wakaaga, na hapakuwa na mtu wala mkeka wa kumzuia.

"Mila hii ni ya tangu lini, shangazi? Fomu inataka mwaka."

"Tangu zamani."

"Zamani ipi?"

"Andika kabla ya fomu."

Kaimu alijua, kama anavyojua kanuni zake, kwamba mila hii ilikuwa na umri wa dakika nne. Lakini Ijumaa ilikuwa karibu, na ile fremu alikwisha kuinunua. Akaandika "kabla ya fomu", akashukuru, akaondoka na njaa yake. Nyuma yake shangazi aliepua sufuria.

Waziri aliisaini fomu huku akizungumza na simu. Uthibitisho alisema angeusaini palepale kwenye hafla, mara tu baada ya hotuba yake, ili wapiga picha wapate kitu.

Siku ya hafla uwanja wa shule ulijaa pomoni. Wajumbe wa makabila yote arobaini walifika, kila mtu na vazi lake, kila mtu na fomu yake. Waziri alishuka garini akifuatwa na msaidizi aliyebeba hotuba ya kurasa arobaini na mbili, na watu wakapiga makofi ya wastani. Bi Mihuri alisimama kwenye kipaza sauti akasoma Kanuni ya Tisa. Waziri alitabasamu, macho yakitafuta mbuzi. Kisha Bi Mihuri akasoma mila namba arobaini, neno kwa neno, pamoja na namba ya jalada.

"Kiti changu kiko wapi?" Waziri aliuliza.

"Mkeka ni ule, Mheshimiwa," alisema Bi Mihuri.

Waziri alimgeukia Kaimu. Kaimu aliutazama mkeka. Wapiga picha walikuwa wamekwisha inua kamera. Basi Waziri akaketi, magoti yakimlalamikia, na kwa kuwa Kaimu naye alikuwa mkubwa, japo wa kukaimu, Bi Mihuri akamwonyesha nafasi iliyobaki ubavuni.

Wa kwanza kusema alikuwa mwalimu. Alisema bomba la shule lilizinduliwa na Mheshimiwa, utepe ukakatwa, na tangu hapo limetoa utepe tu. Wa pili alisema la zahanati. Wa tisa, mzee wa makamo mwenye kofia, alisema, "Mimi sina shida. Nilitaka tu kumwona amenyamaza," akarudi kukaa na kushangiliwa.

Mchana ukasogea. Wakasimama wawili pamoja, mmoja wa bondeni, mmoja wa ng'ambo ya mto.

"Tulikuwa tunaomboleza siku saba, sote," alisema wa bondeni. "Ofisi ikasema tusifanane. Mwezi uliopita tumemzika dada yangu, ambaye ni mke wa huyu. Siku ya sita yeye akaondoka, kwao msiba umekwisha. Mimi nikabaki na siku mbili nimlilie peke yangu."

"Nilikuwa nyumbani nimekaa tu," alisema wa ng'ambo. "Naogopa kulia. Siku zangu zimekwisha."

Kaimu aliikumbuka ile biskuti. Alikuwa amewatenganisha watu hawa wawili kwa hesabu ya kugawanya, na hakuna ofisi aliyoijua ya kwenda kushtakiwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja aliona haya, haya ya kweli, ile inayoanzia masikioni.

Jua lilikuwa limeanza kuinama shangazi, mwanamke mkubwa kuliko wote pale, aliposimama.

"Mimi langu ni dogo," alisema. "Huyo aliyeketi pembeni ya mkubwa ni mwanangu. Mtoto wa kaka yangu. Alikuja kwangu ile Jumanne baada ya miaka sita. Nilifurahi, nikabandika sufuria. Yeye alikuja na fomu. Hakula. Aliniuliza kwetu tunafanya nini. Nikamtazama nikasema moyoni, huyu anauliza, kumbe sisi ndio tumemwacha muda wote huu bila kumwambia." Akapangusa jicho kwa ncha ya kanga. "Sijamaliza. Ila nimechoka. Nitaendelea siku nikipata nguvu."

Akaketi.

Waziri alipiga goti kuinuka, mkono tayari kwenye kurasa. Bi Mihuri akamzuia kwa adabu kubwa.

"Mama hajamaliza, Mheshimiwa."

"Atamaliza lini?" Waziri alimnong'oneza Kaimu.

Kaimu alipekua kichwa chake chote, kanuni kwa kanuni, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye suruali ya jana. "Mheshimiwa," alisema, "kanuni haisemi."

Na kweli haikusema. Hafla ikaahirishwa bila kufungwa, na Bi Mihuri, aliyekuwa mtu pekee nchini aliyezisoma zote kumi na mbili, akawasilisha ya Kumi na Moja. Waziri asingehutubia popote mpaka shangazi amalize. Akaagiza mila hiyo ifutwe; Bi Mihuri akawasilisha ya Kumi na Mbili. Makabila yakaombwa saini. Thelathini na nane yalijibu kwa heshima kwamba jambo hilo ni zito, yangependa kulizungumza uso kwa uso na Mheshimiwa, na mkeka upo. Watu wa bondeni na wa ng'ambo hawakujibu kwa barua. Walirudisha siku zao saba na hawakumuuliza mtu.

Barua ya uthibitisho haikusainiwa, kwa kuwa ilipaswa kusainiwa baada ya hotuba. Kaimu akapewa jukumu jipya, kwa maandishi: kila Jumapili aende vilimani na barua ya Waziri, amuulize shangazi kama yuko tayari kumalizia.

Jumapili ya kwanza shangazi alisema bado. Ya pili alisema bado, akamwonyesha kaburi la babu yake. Ya tano alikuwa anamfundisha jinsi watu wa kwao wanavyopatana wakigombana, na hayo yaliwachukua mpaka gari la ofisi likaondoka bila yeye.

Ya saba alifika asubuhi, barua mfukoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja au umetumwa?"

Kaimu alinusa jikoni. Akavua viatu.

"Nimekuja," alisema.

"Basi kaa ule."

Alikula mpaka akalegeza mkanda, akasaidia kupepeta maharage, akacheka mambo ya marehemu baba yake. Barua haikutoka mfukoni. Jumatatu, ofisini, alifungua jalada namba arobaini, na mahali palipoandikwa jibu la shangazi, ambaye siku hiyo hakuulizwa chochote, akaandika kwa mwandiko mzuri: Bado. Bi Mihuri akalitazama neno hilo, akamtazama yeye, akapiga mihuri yote mitatu.