Sweta la Karani

Jumatatu, 4 Machi

Karani kafa. Paka wetu, miaka kumi na minne. Jina alilipata kwa kupenda kukalia makaratasi. Alikuwa akilala mapajani mwa baba, na baba mwenyewe hatunaye, mwaka wa tatu huu. Nimemzika nyuma ya kamba zangu za kuanikia. Mama hakulia. Kajifungia chumbani, na chai niliyompelekea imerudi na utando juu. Naumia, sifichi. Lazima nimpatie mama kumbukumbu ya kumtuliza.

Jumanne, 5 Machi

Loo! Shemeji kaniwahi. Seremala huyo, mume wa dada yangu, kaleta kisanduku kilichochongwa sura ya paka. Paka gani? Mbuzi aliyeshiba yule! Lakini mama kakipokea kwa mikono miwili na kumwombea dua. Mimi niliyezaliwa humu sijaombewa hata kikohozi kipone.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Sweta la baba, lile la kahawia. Tangu baba afariki, Karani alikuwa halali pengine. Nitalifanya mto wa kukumbatia. Mama kalificha chini ya kitanda. Alipokwenda kuoga, mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama. Manyoya tele! Harufu ya paka, na ya tumbaku ya marehemu. Aka, mama yangu akumbatie uchafu, na mimi dobi wa miaka ishirini? Maji ya moto, sabuni ya unga, mara tatu. Limetoka linanukia maua. Shemeji atakoma.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempa hivyo hivyo, kabla sijalishona mto. Mama kalipeleka puani. Akavuta pumzi. Akanusa kwapani, akanusa kola, akaligeuza ndani nje. Kisha akaniuliza taratibu nimewapeleka wapi. Sikuelewa. Dada akanivuta ukumbini, akanieleza kwamba mama alikuwa akilinusa kila asubuhi kabla hajasema na mtu. Ndimo baba alimokuwa amebakia, na Karani pamoja naye.

Ewe Mola. Madoa ya kila aina nayajua. Kurudisha harufu sikufundishwa. Mama kalia leo, na aliyemliza ni mimi. Nilikaa juu ya beseni nililolipindua, nikalia kama mtoto. Shemeji akaja, akanishika bega, wala hakunicheka. Hilo nalo limeniudhi.

Ijumaa, 8 Machi

Mama kaniambia yamekwisha, nia yangu anaijua. Kaniomba jambo moja tu: sweta nisiliguse tena. Nikaitikia ndiyo mama, nimesikia mama.

Alipolala mchana nikalichukua. Nikalifukiza tumbaku hadi macho yakanitoka machozi. Halafu nikaazima paka wa muuza nyama, nikamfungia nalo kapuni ili alale humo walau saa moja. Hakulala. Kanikwaruza mpaka kiwiko, kisha kalikojolea lote, mbele na nyuma.

Si neno. Maji nimeshayabandika jikoni, na sabuni ya unga ipo.