Nilivyoipa Seva Kazi ya Wawili

Watu wangu, leo nimejianika. Nimefika nyumbani Chechelesi na bado nimevaa viatu, kwa sababu nikivivua nitakaa, na nikikaa nitaanza kufikiria.

Mnajua niko kwenye mafunzo ya kazi katika chama cha wafugaji hapa mjini Isiolo. Mkataba wangu wa kudumu unaamuliwa wiki hii. (Sijalala vizuri tangu niambiwe. Hata kabla ya kuambiwa.) Ninashughulikia kompyuta, pamoja na kundi la barua pepe la wanachama: machifu, walimu, wenye maduka na wazee wenye simu nzuri, kutoka Kinna hadi Sericho.

Kazi ya kundi hilo ilikuwa ya wawili. Seva inabeba barua, basi. Programu ya kundi ndiyo inayojua nani ni mwanachama, nani ana ruhusa ya kuwaandikia wote, na majibu gani yabaki ofisini. Meneja wetu, Bwana Wario, alinionya nisivuruge mpango huo. Lakini mimi nikakaa nikawaza: wakiwa wawili, si mmoja akiharibika mwingine atakwama? Jana nikaizima programu. Nikaingiza majina yote kwenye seva, nikaiagiza kwamba chochote kikifika kwenye anwani ya kundi, ipeleke kwa wote. Nikalala nikijiona mhandisi.

Leo asubuhi Bwana Wario akaniambia nitume tangazo la haraka. Chanjo ya ngamia kule Sericho ilikuwa kesho, sasa imesogezwa hadi Jumamosi. Watu wangeanza kuswaga ngamia mchana huo huo, kwa hivyo ilikuwa lazima wajue mapema. Nikaandika vizuri. Nikaanza na salaam aleikum, nikaongeza habari zenu (Wakristo wenzangu wasione nimewasahau), kisha nikaweka nagaa kwa Waborana, nisimwache mtu. Nikatuma kwa jina la kundi lenyewe.

Sasa nyinyi mnaijua Isiolo. Salamu hapa haiachwi bila kujibiwa.

Chifu mmoja mstaafu akajibu waaleikum salaam. Programu ingelishika jibu hilo na kuniletea mimi. Seva ikalipeleka kwa kila mtu. Kila mtu akaona amesalimiwa na chifu, wakamjibu. Mzee wa Kinna akauliza kama mvua imefika Sericho. Wa Sericho wakasema bado, nao wakauliza mguu wa mke wake unaendeleaje. Mwalimu fulani yuko likizo, na sanduku lake la barua pepe likawa linajibu kila salamu kwamba hayupo. Watu wakamtakia safari njema. Likawajibu tena kwamba hayupo.

Nasra, ambaye tunatumia meza moja, akainua simu yake. "Kendi, walahi, mbona mjomba ananiuliza kwenye barua za ofisi kama nimepata mchumba?"

Kabla sijamjibu, ukaingia ujumbe wa Bwana Wario, aliyekuwa chumba cha mkutano na wageni: "Kendi, hii ni nini?"

Chumba chenyewe kiko mlango wa pili. Ningetembea tu. Lakini ningesema nini mbele ya wageni? Nikaona afadhali kuandika. Nikabonyeza pa kujibu, nikafungua roho yote. Nikakiri kwamba niliizima programu. Nikamsihi asininyime mkataba. Nikaeleza kwamba mama ameshawaambia akina mama wa kanisa kuwa nimeajiriwa kabisa, wakaniombea kwa shukrani, nami nikasimama mbele yao nikasema amina. Nikaongeza kwamba kila akiniita ofisini kwake huwa ninalia chooni kwanza, hata kama ni kuniuliza kuhusu chai. (Hakuna aliyeniuliza hilo la choo.) Nikatuma.

Simu ya Nasra ikalia. Halafu ya mhasibu. Nasra akasoma, akaiweka simu mezani polepole.

"Dada, Bwana Wario alikuuliza kwenye kundi. Na wewe umemjibia huko huko."

Nikaingia chini ya meza kutafuta waya. Hakukuwa na waya wowote.

Nikiwa huko chini likaja jibu la mzee mmoja wa Sericho ambaye sijawahi kumwona: "Wario, huyu ni mtoto wetu. Msamehe. Tangazo tumelisoma, ngamia hawatoki mpaka Jumamosi." Watu wa Kinna wakaunga mkono. Chifu akaandika kwamba wazee wakishamwombea mtoto msamaha, maneno yameisha. Mwalimu akasema hayupo.

Bwana Wario akatoka mkutanoni, simu ikitetemeka mkononi. Nyuma yake wageni walikuwa wakijikaza wasicheke. Nikatoka chini ya meza. Akaitia simu mfukoni.

"Wazee wameongea, mimi nitafanya nini? Ijumaa utasaini. Sasa rudisha ile programu. Seva ibebe barua, basi."

Nikashusha pumzi. Nikamwambia nitawaandikia wazee mara moja niwashukuru.

"Kendi," akasema, "usiwashukuru."

Kwa hivyo nawashukuru hapa. Chekeni mkipenda, lakini naomba mtu asinijibu.