Jinsi Direkta Dominique Alivyolima Majani ya Shule

Sogeeni, enyi watu wa Kabambare, na nyinyi wa Kasongo mnaotuona washamba, sogeeni pia! Mmekwisha kusimuliwa vita vya mabwana wa bunduki na misafara ya pembe. Hayo ni makubwa, nakubali, lakini mimi nina kubwa zaidi: nitawasimulia jinsi Direkta Dominique, simba wa ubao, sultani wa chaki, alivyolima majani.

Katika enzi za Wabelgiji, shujaa huyo aliongoza shule ya misheni kando ya njia iendayo Wamaza. Akatunga sheria, akaitangaza mbele ya watoto na wazazi kwa sauti iliyotikisa manyasi ya paa: atakayefika baada ya ngoma kulia, awaye yote, atalima majani ya uwanja. Wa kwanza kuangukiwa na upanga wa sheria hiyo alikuwa binti mdogo, Faida, aliyezuiwa ng'ambo na mto uliojaa. Akalia, akalima. Mama yake akaja kuuliza kama sheria ile ina macho.

"Mama Faida," Direkta akajibu, kifua mbele, "hata mimi nikichelewa, nitalima."

Kusema ni rahisi, ndugu zangu.

Ikawadia siku ya Padri Mkaguzi, ambaye angeamua kama Dominique abaki direkta au arudi kufundisha darasa la kwanza. Tangu alfajiri shujaa alipigana na kaptula yake nyeupe kwa pasi ya makaa, akishinda kunjo hili, akishambuliwa na lile, hata ngoma ikalia naye hajavaa. Na nyumba yake, jamani, ilitazamana na mlango wa shule!

Akatoka mbio. Watoto walikuwa wamepanga mstari. Mama Faida, aliyekuwa akipita kwenda shambani, akasimama na jembe begani.

"Direkta, ngoma imekwisha kulia. Mutoto yangu alizuiwa na mayi. Weye ulizuiwa na nini?"

Shujaa akatazama njia, akatazama kaptula. Aliogopa, msimcheke, cheo ni kitamu. Angeweza kumfukuza yule mama. Lakini akapiga moyo konde, akanena: "Enyi watoto! Sheria yangu haikusema 'isipokuwa Direkta'. Nawe Faida, nilikukosea. Mto haukuwa kosa lako. Mama, lete jembe!"

Akaingia vitani. Majani yakaanguka majeshi kwa majeshi, matope yakaruka, na kaptula ikafa kifo cha kishujaa. Mara pikipiki ikanguruma, Padri Mkaguzi akashuka.

"Weye, boyi! Direkta iko wapi?"

"Ni mimi, Padri. Nilichelewa. Hapa, mutu yote mwenye kufika nyuma ya ngoma, analima."

Padri akawa mwekundu. Mama Faida akauliza taratibu: "Na Padri, amefika mbele ya ngoma ao nyuma?"

Padri akafungua kinywa atoe radi, akaona macho ya watoto wote yakimngoja. Akainama, akashika jani moja kwa vidole viwili, akaling'oa.

"Direkta," akasema, "tuingie darasani."

Basi waandike, wanaoandika tarehe za wafalme, kwamba huko kwetu, mchana kweupe, mkubwa na mkubwa wa mkubwa walitii sheria iliyomliza mtoto. Mama Faida hakungoja shangwe. Alichukua jembe lake, akaenda shambani mbio, maana naye alikuwa amekwisha kuchelewa.