Daftari la Makosa Lisilo na Kosa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Uenyekiti ni wangu! Zahanati yetu, kituo cha afya cha misheni na hospitali tunakopeleka rufaa tumeungana, ili wagonjwa wasiumizwe na makosa yetu wenyewe. Kila kituo kina daftari la makosa. Kesho tunayasoma, Ijumaa tunachagua mwenyekiti. Mimi Mogesi, mganga mfawidhi kwa miaka tisa, nitakwenda na daftari safi. Nimechana kurasa nne. Muuguzi wangu Lilian kauliza zimekwenda wapi. Nimemwambia panya.

Jumanne, 4 Machi
Aibu! Sista Philomena wa misheni kasoma makosa kumi na manne bila haya. Dawa ya mtoto iliyopimwa kwa kijiko cha chakula. Damu iliyobandikwa jina la mtu mwingine. Nikasubiri azomewe. Wakampigia makofi! Daktari wa hospitali akakiri kwamba hata kwake majina huchanganywa, wakaanza kutafuta njia pamoja. Zamu yangu nikatangaza: sifuri. Daktari akauliza kama zahanati yetu imefungwa.

Sawa. Wanataka makosa? Watayapata.

Jumatano, 5 Machi
Hadi saa nne asubuhi nilikuwa nimetunga makosa kumi na tisa. La saba tamu sana: mzee kanywa dawa ya kuoshea vidonda, akaomba nyingine.

Wakaingia kina mama wawili, wote wanaitwa Rhobi Mwita. Mmoja wa kijiji cha Nyarero, mwingine wa Kerende. Nikawaandikia, nikawagawia kadi, nikarudi kwenye utunzi. Lilian alikuwa ameshavuta sindano ya penisilini. Akamwamkia shikamoo mama wa Kerende, kisha, kama Philomena anavyofundisha, akamwuliza jina la babu, kijiji, na dawa inayomdhuru.

“Penisilini, mwanangu. Ilinivimbisha koo nikakosa pumzi. Nimemwambia daktari yule pale.”

Yule pale ni mimi. Nilikuwa nimempa kadi ya yule wa Nyarero. Nikakaa juu ya boksi la glavu. Mama akanipa pole. Mimi ndiye nikapewa pole!

Alhamisi, 6 Machi
Lilian anataka tuliandike lile la jana. Nimekataa. Kumi na tisa yangu yana mtiririko, hilo litaharibu. Philomena kapiga simu: ana kadi nyekundu za wagonjwa wanaodhuriwa na dawa, tugawane. Nimemwambia tunazo. Hatuna.

Ijumaa, 7 Machi
Nilisoma kwa sauti ya kanisani. Kufika la saba, daktari akauliza yule mzee anaendeleaje. Nikasema kahamia Robanda. Philomena akataka jina, ili wamfuatilie. Nikakohoa. Nikakohoa tena.

Lilian akasimama, akasoma kosa moja tu. La Jumatano. Hakuna aliyecheka. Daktari akasogeza kiti karibu na changu, akaniambia na yeye yalimpata, ila mgonjwa wake hakupona. Sikujua pa kuangalia.

Hadi mchana tulikuwa tumekubaliana, vituo vyote vitatu: majina matatu ya mgonjwa, hadi la babu, kabla ya kila sindano, kadi nyekundu kila mahali. Ya kwanza kapelekewa mama wa Kerende. Mwenyekiti, Philomena. Katibu, Lilian. Mimi, soda.

Nimejichunguza kwa dhati, nimeona nilipokosea. Kumi na tisa ni machache mno. Mwezi ujao nakwenda na arobaini, kila mgonjwa na majina matatu kamili.