Mayai Tisa ya Kibondo

Jumatatu, 3 Machi. Muyinga.

Daktari wa mifugo, Raissa, amesema leo saa nne asubuhi, uani kwa dada yangu Jeska: kuku watatu waliokufa wiki hii walikuwa na saratani ya damu. Alimpasua mmoja mbele yetu. Ini limevimba, lina madoa meupe. Ni virusi. Haviwapati watu.

Kuku kumi na wanne wamebaki. Damu yao imepelekwa maabara, majibu Jumatatu ijayo. Atakayekutwa navyo atachinjwa. Jeska alisikiliza bila kukaa. Shamba ni la mumewe, nyumba ni ya wakwe. Kuku ndio wake, tangu turudi kutoka Tanzania.

Amri: kuku asitoke, yai lisitoke. Virusi hupita kwa njia mbili, ndani ya yai na kwa kuishi banda moja. Nimeandika zote mbili. Miaka kumi na tisa redioni, sijawahi kukosea nukuu.

Tetea Kibondo, mama wa nusu ya banda, anaatamia mayai tisa. Yataanguliwa Alhamisi. Kibondo ni mzima, anakula kuliko shemeji. Kwa hiyo mayai ni salama. Nitayaokoa mimi.

Jumanne, 4 Machi.

Nimempigia daktari, nikasema ni kwa ajili ya kipindi. Maelezo yake: ndani ya uboho wa mifupa kuna seli changa ambazo hazijaamua zitakuwa nini. Nyingine zitakuwa damu nyekundu, nyingine askari wa kinga. Baadhi ya virusi hivi hubeba jeni iliyoibwa zamani kwa kuku mwenyewe, ila sasa haisikii amri. Vingine havina jeni hiyo. Hujipachika jirani na ile ya kuku na kuiamsha. Matokeo yanafanana. Seli changa haikui. Inagawanyika tu.

Nikaomba mfano. Akasema: darasa ambalo hakuna anayehitimu, na kila asubuhi wanaandikishwa wapya.

Akaongeza kwamba kuku anaweza kubeba virusi bila kuugua na bado akavitia ndani ya yai. Nikauliza kama hayo ni maoni yake. Akasema ni hakika.

Nimeandika pembeni: chanzo kimoja tu.

Jumatano, 5 Machi.

Jeska amekataa mpango wangu wa kuyahamisha mayai. "Kaka, wewe husikia vizuri kuliko wote, halafu unafanya lako." Alipokwenda kwaya nilichukua mayai, nikayafunga kwa sweta ndani ya begi la maikrofoni. Kibondo nimemwachia viazi tisa. Alivikalia bila maswali.

Petroli hakuna. Nimepanda lori la maharagwe hadi Gitega, begi tumboni.

Alhamisi, 6 Machi. Gitega.

Kikao cha habari, saa tatu. Begi limelia. Valentin, mwenzangu wa habari za afya, aliuliza kama chanzo changu kimeomba kutotajwa jina. Mhariri alicheka mno.

Saa tano nilikuwa kwa jirani yangu Bulonza, Mkongo wa Uvira, muuza vitenge. Ana kuku ishirini na wawili na mmoja anaatamia. Nikamwomba tufanye kama desturi ya Warundi ya kuragiza: kuku wangu, banda lake, watakaokua tunagawana. Anayepokea haulizi habari za ugonjwa, maana ni kumtukana mwenye mnyama. Mwenye mnyama naye haragizi mgonjwa. Kibondo si mgonjwa.

Bulonza akasema: "Fabiano, mi napokea na roho yote. Lakini juu ya nini vitoto vinatoka ndani ya begi ya micro?"

Saba hai. Kazi imekwisha.

Jumatatu, 10 Machi.

Majibu, kwa mujibu wa daktari: Kibondo anavyo virusi. Watoto wake wanne pia, akiwemo jogoo mwekundu. Wengine tisa ni safi. Jeska anabaki na tisa.

Kisha daktari akaomba kuona mayai, yaliyochelewa kuanguliwa. Jeska akamwinua Kibondo. Viazi. Kimoja kimeanza kuchipua.

Jeska alimpa daktari namba yangu, na ya mhariri wangu.

Jumanne, 11 Machi.

Taarifa ya saa saba, imesomwa na Valentin: banda moja la Gitega limefungwa. Vyanzo viwili, daktari na mwenye banda. Sikuona dosari.

Vifaranga saba wamechinjwa. Kuku wa Bulonza watapimwa tarehe 8 Aprili. Alikuja mlangoni, hakuingia, hakusalimia. "Mi nilifikiri uliniletea heshima. Kumbe uliniletea maiti yenye kutembea." Desturi iko wazi: aliyeragiza mgonjwa harudi mlango ule.

Jeska alipiga simu. Ana kuku tisa, na mimi nisikanyage ua wake.

Jumatano, 12 Machi.

Nimepitia daftari lote kwa utulivu. Kosa limepatikana: mayai. Daktari alisema vinapita ndani ya yai, na sasa chanzo cha pili kipo, Bulonza. Ningoje nini tena kuamini? Mayai basi.

Jogoo mwekundu atachinjwa Ijumaa. Yuko peke yake kwenye kizimba cha nyuma, ana afya ya askari. Na jogoo hatagi.

Kastori wa Buraza, kusini mwa Gitega, ana matetea thelathini na hana jogoo hata mmoja. Redio yake haina betri. Nimempigia, amekubali kuragizwa, amesema ni heshima.

Jeska ana kwaya leo saa kumi, nami nitakuwa Muyinga, kwenye kizimba hicho. Lori la maharagwe linaondoka Muyinga kesho, Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Kastori atatupokea saa nane mchana. Begi nimelifua.